Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu Pemba: waacheni watoto wetu watoke nje wakasome

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa viongozi wetu wenye dhamana ya elimu, kuanzia wilayani na mkoani mpaka huko juu Unguja,

YAH: KUZUILIWA KWA MASOMO YA NJE KWA WANAFUNZI WETU

Kwa heshima zote nawaandikia mie mzazi, mjumbe wa kamati ya skuli na mwalimu niliestaafu, nimesomesha sayansi na jiografia huku huku kaskazini ya Pemba mpaka nikapewa kiinua mgongo changu, na naandika hadharani mana kwa njia ya ndani tumeshindwa. Barua ya kamati tumeandika, imegongwa muhuri wa kupokelewa na nakala ninayo. Afisini tumekwenda, tukaambiwa njooni wiki ijayo, tukaja wiki ijayo tukaambiwa muhusika yuko safari Unguja, aliporudi tukaambiwa faili limehamishwa meza, alafu simu zetu zikawa hazipokelewi tena. Skuli sitoitaja na afisi sitoitaja, sitaki mwalimu yeyote aitwe akaulizwe kwa ajili ya maneno yangu. Na si skuli yetu peke yake, wazazi wa vijiji vyengine nikikutana nao harusini na misibani wananambia hayo hayo.

Jambo lenyewe ni hili. Skuli yetu imekaa pahala ambapo ukitoka kwa mlango wa nyuma ni dakika chache tu kwa miguu umeshafika kwenye mikoko, upande wa pili kuna mabonde ya mpunga na mikarafuu, na Msitu wa Ngezi kutoka Konde ni mwendo mfupi tu kwa gari. Miaka yangu yote ya kazi, na walimu walionitangulia pia, tulikuwa tunawatoa watoto darasani tunawasomesha huko huko kwenye vitu vyenyewe. Alafu likaja agizo, kwa mdomo kwanza na baadae kwa maandishi, kwamba mwanafunzi hatoki nje ya eneo la skuli wakati wa masomo mpaka kipatikane kibali cha juu, kwa kila safari na kwa kila darasa. Kibali hakiji. Na sasa walimu vijana wameshaacha ata kuomba, wanasomesha mikoko kwa kuchora ubaoni mti ambao ukifungua dirisha unauona.

Kabla sijaenda mbele niseme na hili, mana sitaki ionekane nawasahau kwa mazuri. Elimu bila malipo ilitangazwa 23 Septemba 1964 na wengi wetu tusingelijua kusoma bila ya siku ile, na sasa tunajengewa skuli za ghorofa, watoto waliokuwa wakikaa chini wana madawati, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini jengo zuri si sababu ya kumfungia mtoto ndani yake siku nzima.

Haya ndio malalamiko yetu, nayaweka kwa nambari ili mtakapojibu mjibu moja moja.

1. Watoto wanafaulu swali lakini jambo lenyewe hawalijui.

Muulize mtoto wa darasa la sita kupwa na kujaa kwa maji kunasababishwa na nini, atakujibu pale pale, nguvu ya mvutano wa mwezi na jua, na alama zake zote atapata. Muulize bamvua inayokuja, yale maji makubwa ya mwezi, ni lini. Mie nimewauliza, tena watoto wa wavuvi, watoto ambao mama zao kila siku wako kwenye maji ya magoti wanafunga mwani, na wengi wao hawakuweza kunambia, na sikumpata alieunganisha ule mwezi wa kwenye mtihani na mwezi ambao yeye mwenyewe anatoka nje kuutafuta Ramadhani ikikaribia. Ni mwezi huo huo mmoja. Ukiandama, na ukiwa mpevu, bahari inakupwa mpaka mbali na inajaa mpaka juu, tofauti yake huku kwetu inafika kiasi cha mita 4, na katikati hapo ndio maji mafu. Somo zima hilo unalisomesha kwa mti mmoja uliotiwa alama ukauchomeka pwani, watoto wakawa wanakwenda kuusoma na kuandika tarehe za mwezi pembeni, baada ya muda mfupi tu hakuna atakaekosea tena mpaka anakufa. Lakini huo mti utakuwa nje ya eneo la skuli, kwaiyo haramu.

Mikoko ndio zaidi. Kitabu kinasema mikoko ni miti inayoota kwenye maji ya chumvi, basi, hapo kimeishia. Mpeleke mtoto akachume jani la mchu, mmoja katika miti ya jamii ya mikoko, alirambe, ulimi utamwambia chumvi iko juu ya jani, mti umeivuta pamoja na maji na umeitoa nje, na hapo hapo bila kusukumwa na mtu atakuuliza, na ule mti wenyewe unaoitwa mkoko je? Mkoko nao una njia yake, chumvi nyingi unaizuia chini kwenye mizizi isipande. Atauliza vile vijiti vilivyosimama juu ya tope chini ya mchu ni miche au kitu gani, utamwambia afukue kidogo kwa mkono afuate kijiti mpaka chini, mwenyewe ataona kimetoka kwenye mzizi, na ukimfikisha pua karibu na lile tope akasikia harufu yake ataelewa kwamba mule ndani hewa hakuna na mti unapumulia juu. Atashika tunda la mkoko, lile refu la kijani, aone limeshaota likiwa bado liko juu kwa mama yake, likianguka maji yakiwa yamekupwa linajichoma kwenye tope na kusimama, na yakiwa yamejaa linaelea linakwenda kuota kwengine. Nayaandika hapa kwa mistari michache lakini kule ni asubuhi nzima, tope magotini, kaa wanakimbilia mashimoni, watoto wanabishana wao kwa wao nani kasema kweli, na mwalimu kazi yake ni kujibu tu mana maswali yanakuja yenyewe. Darasani mwalimu ndie anaeuliza, tena wanaojibu ni wale wale wa mbele.

2. Utaratibu wa kibali haujui bahari inavokwenda.

Barua inatoka kwa mwalimu mkuu, inakwenda wilayani, inapanda juu, inarudi, na huku mwezi hausubiri. Pwani zetu maji ya bamvua yanakupwa kiasi cha saa nne, saa tano asubuhi, na hizo ni siku chache tu, ukizikosa unasubiri bamvua nyengine. Yaani wakati ambao bahari imejifungua yote, unaweza kumtembeza mtoto mpaka kwenye majani ya baharini na matumbawe ya karibu bila ya kuhitaji chombo, ndio wakati ambao yumo darasani anaangalia ubao. Kibali kikija, kama kikija, maji yamo ukutani.

Mkatwambia basi fanyeni Jumamosi. Waheshimiwa, bahari haifuati wiki. Jumamosi hii maji yamekupwa saa nne, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yamejaa, mvuvi yeyote atakwambieni hivo. Na Jumamosi nyengine hizo watoto wako chuoni wanasoma Kur-ani, au wako shambani na wazee wao, na mwalimu nae ana familia.

3. Watoto wanatolewa nje siku ya picha tu.

Hili limeniuma zaidi ya mengine na nitalisema kama lilivo. Inapofika tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, kile kibali ambacho hakipatikani mwaka mzima kinapatikana kwa siku moja. Zinakuja gari, zinakuja fulana, watoto wanapangwa mstari pwani na kila mmoja anapewa mche wa mkoko auchomeke, zinapigwa picha, hotuba, mchana watu wanaondoka. Mwaka mmoja miche yetu ilipandwa kwenye mchanga mtupu, pwani ya wazi kabisa, na kusi limeshaanza kuvuma. Mzee yeyote mkata boriti angeliwaambia pale hapapandwi mkoko. Mbele kabisa kwenye mawimbi anaesimama ni mlilana, mkoko unakaa nyuma yake kwenye tope, alafu ndio msinzi na mkandaa, na mchu utaukuta mbele na utaukuta tena huko nyuma kwenye chumvi kali. Kila mti una pahala pake na sababu yake, ile miche haikumaliza kusi, imeng'olewa yote, na watoto walioipanda hawakuruhusiwa ata kurudi kuangalia kilichotokea.

Hebu fikirini lile lingelikuwa somo la namna gani kama wangelirudi. Wahesabu iliyobaki, waulize kwa nini, wapande tena pahala pake, walinganishe. Ile ndio sayansi yenyewe, jambo limekataa na unatafuta kwa nini. Badala yake tumewafundisha kwamba mazingira ni sherehe ya siku moja. Na huku maji ya chumvi yanaingia kwenye mabonde ya mpunga ya kisiwa hiki, watu wameshahama makonde yao, mikoko ikiwa ndio kinga ya kwanza, na hao watoto ndio watakaoachiwa kazi hiyo ya kuirudisha.

4. Ngezi inajulikana na wageni kuliko watoto wetu.

Mtu anapanda ndege kutoka Ulaya anakuja Pemba kwa ajili ya kumuona ndege mmoja usiku, yule bundi mdogo wa Pemba, mana hayupo kwengine duniani. Kisiwa hiki kina aina 4 za ndege ambazo ni za kwetu peke yetu, na ninga wa Pemba akiwemo. Kuna mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni hapa hapa. Na kuna mtoto anaekaa karibu na msitu, amemaliza skuli, hajawahi kuingia Ngezi na mtu wa kumueleza anachokiona, anaujua kwa kuni na kwa hadithi za mashetani tu.

Alafu kuna popo. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu ni ushahidi wetu wenyewe, haujatoka nchi ya mtu. Popo wa Pemba, yule mkubwa anaekula matunda, ambae mabawa yakifunguka yanapita mita moja na nusu, haishi popote isipokuwa kisiwa hiki. Wazee wetu walikuwa wanamla, akapigwa bunduki, akanaswa, miti anayolala ikakatwa, mpaka miaka ya tisini waliobaki wakakisiwa kuwa elfu chache tu, na mwaka 1996 akaandikwa miongoni mwa viumbe walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Ikaja kazi ya kuwaelimisha watu, vikaanzishwa vikundi vya mazingira vijijini, watoto na wakubwa wakaelezwa popo ana kazi gani, kwamba mbegu anazozitema na kuziangusha ndio msitu wa kesho, na watu wa vijiji kama Kidike wakaanza wao wenyewe kulinda miti anayolala na kupokea wageni wanaokuja kumtazama. Hesabu ya 2006 na 2007 ikakaribia 20,000, na mwaka 2008 akateremshwa daraja mbili za hatari. Polisi peke yao wasingeliweza kufanya hivo. Ni watu walioonyeshwa kitu kwa macho yao, kwenye mti wa kijijini kwao, wakabadilika. Sasa kizazi kile kinazeeka, hawa wadogo nani atawaonyesha?

5. Mnapingana na mtaala wenu wenyewe.

Mtaala mpya mmetwambia ni wa umahiri, mtoto afanye badala ya kukariri, walimu wameitwa semina, wameelezwa. Sasa wakirudi skuli wafanye wapi?

6. Afya yao.

Hili nalipitia haraka. Guangzhou huko China waliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya skuli kwa watoto wa darasa la kwanza, baada ya miaka 3 waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa wachache kuliko wenzao waliobaki na ratiba ya kawaida, matokeo yalitoka 2015. Mwanga wa nje peke yake una faida kwa jicho la mtoto. Sie mwanga tunao bure.

Najua mtakayotujibu, mana mengine tumeshajibiwa kwa mdomo, kwaiyo nianze nayo hapa hapa.

Mtasema usalama, na hili nalichukulia kwa uzito wake. Pemba hakuna nyumba isiyoijua khofu ya bahari. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikiwa njiani kuja huku, tulizika, na wengine hatukuwapata wa kuwazika, na mwaka uliofuata ikazama na meli ya Skagit. Mzazi akisikia mtoto wake anapelekwa pwani moyo unamruka, ni haki yake. Lakini hatuombi vyombo. Tunaomba watoto waende kwa miguu, maji yamekupwa, pamoja na walimu na watu wazima wanaoijua pwani ile, waondoke kabla maji hayajageuka. Na watoto hawa hawa, tuseme kweli, Ijumaa jioni wako pwani peke yao bila ya mtu mzima, na msimu wa karafuu ukifika wanapanda mikarafuu mirefu mpaka kwenye matawi ya juu na hakuna afisi inayowauliza kibali. Wataingia baharini tu, hiki ni kisiwa. Mtoto aliefundishwa maji yanageuka saa ngapi na mkondo unapita wapi yuko salama zaidi kuliko aliekatazwa.

Na wako wanaofanya makubwa kuliko haya tunayoyaomba. Chumbe, kisiwa ambacho ni hifadhi ya bahari tangu 1994, kwa miaka mingi kimekuwa kikichukua wanafunzi wa skuli za Unguja kwa boti, wanavaa miwani na jaketi za kuokolea wanaangalia matumbawe kwa macho yao, na watoto wa kike wamo. Msitu wa Jozani, Unguja, wanafunzi wanapita juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko ya Pete. Huku huku kwetu kisiwa cha Misali, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1998, mafunzo yalipita mpaka kwa masheikh, wavuvi wakaelezwa kwa dini yao kwa nini samaki wadogo na matumbawe hayavunjwi, na yakaingia kuliko amri ya serikali ilivokuwa ikiingia. Inawezekana, na imeshafanyika Zanzibar hii hii.

Mtasema muda hautoshi, mitihani. Asubuhi moja ya mikoko inabeba mada ya mimea, mada ya wanyama, kupwa na kujaa, hesabu za kupima na wastani, na insha ya Kiswahili juu yake. Mwalimu aliejipanga hapotezi kitu. Na tunazo siku ngapi za mikutano na mapokezi ambazo watoto wanatolewa kupanga mistari barabarani juani, mbona hapo muda unapatikana.

Mtasema pesa, gari hakuna. Kwa Ngezi ni kweli gari inahitajika na hapo tunaomba msaada. Lakini mikoko, bonde, kisima, pwani, shamba la karafuu, vyote viko kwa miguu. Kinachotuzuia kwenda kwenye mikoko iliyo nyuma ya skuli ni karatasi, shilingi hazimo.

Mtasema walimu wenyewe hawayajui hayo. Wengine kweli hawayajui, kijana amesoma mjini na chuo kikuu na hajawahi kutia mguu kwenye tope, simlaumu. Lakini wanaoyajua tunaishi nao. Mama anaelima mwani atawaeleza watoto kwa nini ile aina ya kotonii yenye bei nzuri inamfia kwenye maji ya kina kifupi yakipata moto sana, inakuwa nyeupe na kukatika, na spinosamu inavumilia zaidi, na huo ni mlango wa somo zima la mabadiliko ya tabianchi. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar unatoka Pemba, ukitafuta mtaalamu yuko nyumba ya tatu kutoka skuli. Mzee aliejenga ngalawa anajua mti gani unakaa kwenye maji na upi unaoza. Walinzi wa msitu wapo. Hawa hawajaitwa tu.

Kuna na suala la watoto wa kike, mana baadhi ya wazazi wenzangu wameliuliza na wana haki ya kuuliza. Waende na mwalimu wa kike, wavae kwa stara yao, viatu vya mpira miguuni, na asilazimishwe kuingia kwenye maji ya kina. Lakini asiachwe darasani wakati kaka zake wanatoka. Wanawake ndio walioko pwani ya Pemba kila siku, kwenye mwani, kwenye chaza, kwenye pweza wa kuchokoa, elimu hii inawahusu wao mwanzo.

Sasa tunachokiomba, na tumekifanya kidogo makusudi ili kisikose sababu ya kukubaliwa:

1. Mwalimu mkuu apewe mamlaka ya kuidhinisha mwenyewe masomo ya nje ya pahala panapofikika kwa miguu, kwa ridhaa ya maandishi ya wazazi inayotolewa mara moja mwanzo wa mwaka, na kumuarifu sheha. Wilaya ipewe taarifa tu.

2. Kila darasa kuanzia la nne liwe na asubuhi moja ya nje katika kila muhula, imeandikwa kwenye ratiba, na tarehe za pwani zichaguliwe kwa kalenda ya mwezi.

3. Safari moja kwa mwaka kwenda Ngezi au Kidike kwa skuli za Pemba, gari ipatikane kwa zamu baina ya skuli za wilaya. Tuko tayari kuchangia mafuta, hilo tumeshalizungumza kwenye kamati na wazazi wamekubali.

4. Wazee, wavuvi, wakulima wa mwani na walinzi wa msitu waruhusiwe kusomesha pamoja na mwalimu, wapewe posho yao ndogo na watambuliwe.

5. Miche isipandwe tena na wanafunzi bila ya kuwepo ratiba ya kuirudia. Kama hakuna wa kuirudia, bora isipandwe.

6. Kazi aliyoifanya mtoto nje, daftari lake la pwani au la msitu, lihesabike kwenye alama zake za muhula.

7. Barua ya kamati yetu ijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, na sababu ziandikwe.

Tunaomba jibu hilo tulipate kabla muhula ujao haujafunguliwa. Tuko tayari kuja afisini siku yoyote mtakayotwambia, na tuko tayari zaidi kuwapokea huku, mje siku ya bamvua asubuhi, tuwapeleke mikokoni pamoja na darasa moja, mkaone wenyewe kinachofanyika kule kabla hamjaamua. Viatu vya mpira tutawatafutia. Na mwalimu yeyote wa skuli yetu asisumbuliwe kwa barua hii, mwenye maneno haya ni mie na kamati imeridhia niyaandike.

Wabillahi tawfiq.

Mzazi, mjumbe wa kamati ya skuli na mwalimu mstaafu
Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba

Nakala kwa:
Kamati za skuli za wilaya
Masheha wa shehia zetu
Wawakilishi wetu wa majimbo
Wazazi wote